Jinsi ya Kuongoza Kikundi Kusoma Wimbo Ulio Bora: Mwongozo kutoka Kisauni

Dada mmoja alipopendekeza tusome Wimbo Ulio Bora, sebule nzima ilinyamaza, ikabaki kusikika feni tu. Mzee wetu akakohoa. "Mwanangu," akasema, "hicho ni kitabu cha waliooa." Mama mwenye nyumba alikuwa akimimina chai, wala hakuinua kichwa: "Haya, mzee. Mbona basi kimo kwenye Biblia ya kila mtu?"

Tukakisoma. Sura nane, Alhamisi nane, hapa Kisauni, Mombasa. Niliongoza mimi, na yafuatayo nimeyajua zaidi kwa kukosea kuliko kwa kupatia. Nayaandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuongoza kikundi cha nyumbani au jumuiya ndogo ndogo, awe Likoni, Changamwe au Mtwapa, na hana hata kitabu kimoja cha ufafanuzi. Utahitaji Biblia, kalamu mbili za rangi tofauti, penseli, na ujasiri kidogo.

Shikilia jambo moja tangu mwanzo. Haya ni mashairi ya mapenzi ya mwanamume na mwanamke, na Kanisa limeyasoma kama sala tangu karne zake za mwanzo. Yote mawili ni kweli, ila yana mpangilio. Anayerukia la pili kabla ya kulikiri la kwanza ni kama abiria anayeruka feri haijafunga gati: huenda akatua salama, huenda akatua majini.

Kwanza, panga watu

Kabla ya somo lolote, tazama ni nani watakaoketi pamoja. Kwetu alikuwapo mama na mkwewe, mume wa bintiye. Sikulifikiria hilo mpaka jioni ya sura ya saba, inayousifu mwili wa mwanamke kuanzia nyayo hadi nywele, ilipoangukia zamu ya yule kijana kusoma kwa sauti. Alisoma aya mbili, sauti ikamkauka. Mama mkwe akakumbuka ghafla kwamba ameacha nguo kwenye kamba, na mvua haikuwapo.

Ile si haya ya kishamba. Ni heshima, na Biblia haikuja kuivunja. Kwa sura ya nne na ya saba, kila mtu asome nyumbani kwake, kisha kikundini mzungumzie aya moja au mbili tu. Au gawanyikeni, kina mama upande wao na kina baba upande wao. Watoto wakiwapo sebuleni, someni sura ya pili.

Wazee wanaosita wasichekwe. Origen, mwalimu wa Alexandria kule Misri aliyezaliwa yapata mwaka 185, aliandika kwamba walimu wa Kiyahudi walikuwa na desturi ya kuyaweka kando maandiko machache mpaka mtu akomae, na Wimbo huu ulikuwa mojawapo. Mzee wetu aliyekohoa alikuwa na wenzake wa zamani sana.

Pili, someni chote mara moja

Kitabu kina aya 117 tu. Ukikisoma kwa sauti, nusu saa haiishi. Jioni ya kwanza fanyeni hilo peke yake, bila maswali na bila maelezo. Wasomaji wawe wawili wenye sauti nzuri. Mkisimama kila aya kuulizana maana, hamtasikia kamwe kwamba ni wimbo.

Tatu, tia rangi sauti

Hapa Mswahili anahitaji msaada ambao msomaji wa Kiebrania hauhitaji. Kiebrania kina "wewe" ya mwanamume na "wewe" ya mwanamke, kwa hiyo msikilizaji anajua mara moja nani anaambiwa. Kiswahili chetu hakibagui. "Wewe u mzuri" anaweza kuambiwa yeyote. Ndiyo sababu watu husoma sura nzima wakidhani Sulemani ndiye anayesema, kumbe ni mwanamke.

Ila watafsiri wa Biblia ya Union ya 1952 walituachia alama. Panapoandikwa "mpendwa wangu", kwa kawaida ni mwanamke anayemtaja mwanamume. Panapoandikwa "mpenzi wangu", "hua wangu", "umbu langu" au "bibi arusi", ni mwanamume anayemwita mwanamke. Sura ya 2 aya ya 10 inayo yote mawili: mpendwa wangu alinena, akaniambia, inuka, mpenzi wangu. Ukishaujua mtego huu, kitabu kinafunguka. Chukua kalamu nyekundu kwa mwanamke na ya buluu kwa mwanamume, na penseli kwa binti za Yerusalemu, ambao ni kama kiitikio. Mkimaliza mtaona kurasa zimejaa wekundu. Mwanamke ndiye msemaji mkuu, na ndiye anayefungua na kufunga kitabu.

Neno "umbu" lieleze mapema. Ni neno la kale la ndugu wa jinsia nyingine, dada kwa kaka yake. Usipolieleza, kijana atauliza, kama alivyouliza wetu huku akijipiga kofi shingoni, kwa nini bwana arusi anamwita mchumba wake mbu.

Nne, kaeni kwenye dhahiri

Hatua hii ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa sana. Mtu wa pwani anajua kwamba shairi lina dhahiri na batini, yaani maana ya wazi na maana iliyofichika. Huu ndio mji wa mshairi Muyaka bin Haji, aliyefumba mafumbo ya mapenzi na ya siasa hapa hapa Mvita, yaani Mombasa, mpaka alipofariki karibu 1840. Mashairi yake mengi, sadifa iliyoje, tunayo kwa sababu mmisionari, William Taylor, aliyakusanya akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Sasa, hakuna Mswahili anayesikia shairi la njiwa aliyetoroka tunduni akasema hakuna njiwa. Njiwa yupo, mabawa yake yasikika, na ndani yake yumo mtu. Ukimtupa njiwa, umetupa shairi.

Basi waulizeni: hiki ni kitu gani, kinanukaje, kinashikwaje? Katika sura ya kwanza aya ya 13 mwanamke anasema mpendwa wake ni kama kifurushi cha manemane kinacholala usiku kucha kifuani pake. Nilijitayarisha kueleza manemane kwa dakika kumi. Mama mwenye nyumba akanikata: "Hicho si kikuba?" Kila mtu akaelewa. Kikuba cha asumini na rehani kinachofungwa jioni, kikabandikwa nguoni, na kinachozidi kunukia kadiri mwili unavyokipasha joto. Hakionekani, kimefichwa ndani ya leso, lakini mwenye nacho akipita ukumbini kila mtu anajua. Hapo sikuwa na la kuongeza, na nilijuta zile dakika kumi nilizozipoteza kwenye kamusi.

Bustani iliyofungwa na chemchemi iliyotiwa muhuri, sura ya 4 aya ya 12, ieleze kwa maji yetu. Anayechota kisima cha maji ya chumvi na kununua maji matamu kwa madumu kutoka kwenye mkokoteni haoni ajabu mtu kufunga tangi lake kwa kufuli. Kinachofungwa ni kile chenye thamani.

Halafu kuna sura ya 1 aya ya 5. "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Hapa simama jioni nzima ikibidi. Kiunganishi cha Kiebrania pale ni kile kifupi kinachoweza kuwa "na" au "lakini". Tafsiri ya kale ya Kiyunani iliweka "na". Tafsiri ya Kilatini iliyoenea Ulaya iliweka "lakini", na Union yetu nayo ina "lakini". Niliwaomba wasome kwa njia zote mbili. Mimi ni mweusi, lakini mzuri. Mimi ni mweusi na mzuri. Dada mmoja anayeuza vipodozi alikaa kimya, kisha akasema wateja wake wanaomwuliza krimu ya kujichubua wamekwama kwenye ile "lakini". Sikuwa na jibu bora kuliko hilo. Mradi aya ya sita ieleze yenyewe: jua limemwunguza kwa sababu ndugu zake walimpa kazi ya kulinda mizabibu yao. Ni rangi ya mtu aliyefanyishwa kazi.

Origen alimwona katika mwanamke huyu mke Mkushi wa Musa, wa Hesabu 12, na malkia wa Sheba, yaani Kanisa la mataifa likija kwa Mfalme. Hapo namfuata kwa furaha. Lakini anapoendelea kuufanya weusi kuwa alama ya dhambi, hapo namwacha njiani, na nawe mwache. Aya yenyewe inataja jua, haitaji dhambi.

Tano, vukeni kwa daraja la Biblia

Mkishakaa kwenye dhahiri vya kutosha, mtu atauliza mwenyewe: sasa Yesu yuko wapi? Usimjibu kwa maneno yako. Mpe madaraja yaliyokwisha kujengwa.

Anza na Isaya 5. Nabii anaimba wimbo wa mpenzi wake na shamba la mizabibu, na katika aya ya 7 anafumbua: shamba ni nyumba ya Israeli. Yaani Biblia yenyewe imekwisha kutumia wimbo wa mapenzi kuwa fumbo, na ikalifumbua. Halafu Hosea, mume anayemrudia mke asiye mwaminifu. Isaya 62:5. Yohana Mbatizaji akijiita rafiki wa bwana arusi, Yohana 3:29. Waefeso 5, ambapo Paulo anataja mume na mke kisha anasema siri hiyo ni kubwa, na kwamba yeye ananena habari ya Kristo na Kanisa. Mwisho Ufunuo 19 na 21, arusi ya Mwanakondoo. Aya hizo zinatosha. Zisambazeni kwa watu sita, kila mmoja asome yake, nanyi mtaona kwamba Wakristo hawakulizua jambo hili kutoka hewani.

Wala hawakuwa wa kwanza. Rabi Akiva, katika karne ya pili, alisema maandiko yote ni matakatifu lakini Wimbo Ulio Bora ni patakatifu pa patakatifu. Wayahudi waliusikia kama mapenzi ya Mungu na Israeli, na husomwa wakati wa Pasaka. Kanisa liliingia kwenye nyumba iliyokuwa na watu.

Sita, msigawie kila kiungo maana

Kosa langu kubwa. Jioni ya sura ya nne kijana aliniuliza, meno yake ni kama kundi la kondoo waliokatwa manyoya, maana yake nini? Nilitaka kuonekana mwalimu. Nikasema meno ni wazee wa kanisa, wanaotafuna Neno na kuwalisha wachanga. Wote wakamgeukia mzee wetu, ambaye meno ya mbele hana. Kikao kikavunjika kwa kicheko, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Baadaye nikagundua kwamba Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini, alikwisha kusema karibu neno lilo hilo zamani sana: meno ni watakatifu wanaowang'ata watu na kuwatoa katika makosa yao, na kondoo wanaopanda kutoka kuoshwa ni waliobatizwa. Ila yeye aliongeza jambo ambalo mimi sikuwa nalo. Alikiri kwamba mafundisho hayo angeweza kuyapata mahali pengine kwa maneno ya wazi, na bado, kwa namna asiyoweza kuieleza vizuri, yanamfurahisha zaidi yakija kwa picha ya meno na kondoo. Hapo ndipo nilipomwelewa. Picha haikuwekwa ili tuifungue kwa ufunguo mmoja tuitupe.

Wapo walioyafanya matiti mawili kuwa Musa na Haruni, na Wakristo walioyafanya Agano la Kale na Jipya. Sitawakejeli, walikuwa wakisali. Lakini kikundini weka kanuni: kila jioni picha moja tu ndiyo itakayovushwa mpaka kwa Kristo. Nyingine ziacheni zinukie.

Saba, jioni moja kwa ukamilifu

Ikiwa una nafasi ya jioni moja tu, chagua sura ya 5, aya ya 2 hadi ya 8. Fanya hivi.

Mwanamke mmoja asome polepole. Mwanamke amelala, moyo wake u macho. Mpendwa anabisha, kichwa chake kimelowa umande. Yeye anajibu kwa udhuru: amekwisha kuvua kanzu, aivaeje tena? Ameitawadha miguu, aichafueje? Acha watu wacheke hapo. Kijana wetu wa tuktuk alisema mtu akishavua viatu na kuoga, hata mteja wa Nyali akipiga simu hapokelewi.

Uliza: udhuru wake ni mbaya? Si mbaya. Hana mwanamume mwingine ndani, hana chuki. Amechoka tu na miguu yake ni safi. Wengi wetu Mungu hatumfungii kwa uovu, ila kwa usingizi na miguu safi. Sasa someni Ufunuo 3:20, aliyesimama mlangoni akibisha. Msieleze. Someni tu, mnyamaze dakika tatu kwa saa. Dakika tatu ni nyingi, na jirani ataongeza sauti ya redio dakika hizo hizo, vumilieni.

Kisha rudini kwenye aya ya 5 na ya 6. Mwanamke anapoinuka kumfungulia, mikono yake mwenyewe inadondosha manemane kwenye komeo, lakini mpendwa amekwisha kwenda. Ameacha harufu, kama mwenye udi aliyepanda ngazi za nyumba ya Mji wa Kale, nawe ukija nyuma yake unajua nani amepita. Mwombe kila mtu ataje mahali alipowahi kugundua amechelewa, na bado pananukia. Wengine hawatasema. Msiwalazimishe.

Aya ya 7 ina walinzi wanaompiga na kumnyang'anya shela. Hapo kuwa mwangalifu mno. Yapo mahubiri yanayosema kipigo hicho ni Mungu akimtia adabu. Aya haisemi hivyo, na karibu katika kila kikundi yupo mwanamke aliyepigwa na anayeweza kuondoka akiamini kipigo kilitoka mbinguni. Sema wazi kwamba walinzi walifanya ubaya, naye akaendelea kutafuta. Ikiwa mtu atakuja kwako kando baada ya kikao, mambo ya somo yaishe, msikilize, na mfikishe panapoweza kumsaidia.

Kwa wanaotaka kuendelea, linganisheni sura ya 3 aya ya 1 hadi ya 4 na Yohana 20: mwanamke anamtafuta usiku, anawauliza walinzi, anampata, hataki kumwachilia, na Maria Magdalene bustanini asubuhi. Wakatoliki husoma aya hizo za Wimbo tarehe 22 Julai, siku ya Maria Magdalene, na ukizisoma pamoja huhitaji mhubiri.

Nane, sala

Bernardo wa Clairvaux, abate Mfaransa, alianza kuwahubiria watawa wake Wimbo huu mwaka 1135. Alipofariki 1153 alikuwa amehubiri mara 86, na alikuwa amefika mwanzo tu wa sura ya tatu. Nikiona kikundi kina haraka huwatajia miaka hiyo 18. Yeye aliwaambia kwamba siku hiyo wanasoma katika kitabu cha yale yaliyowapata wenyewe, na kutoka kwa busu la aya ya pili alitoa mabusu matatu yanayofaa kuwa sala ya kumalizia kila jioni.

La kwanza ni la miguu: toba, kama yule mwanamke wa Luka 7. La pili ni la mkono unaokuinua. Hili Mombasa halihitaji tafsiri. Mtoto humbusu mkono mkubwa wake akimwamkia. Hapo mshukuruni kwa jambo moja lililosimamishwa wiki hiyo, ada iliyolipwa au homa iliyoshuka. La tatu ni la kinywa, na Bernardo mwenyewe alisema huja mara chache na kwa kitambo kifupi. Hilo msiliombe kwa kelele. Nyamazeni, basi. Ninavyoona mimi, nyimbo nyingi za siku hizi zinaanzia kinywani bila kupita miguuni, na ndiyo sababu Yesu anaimbwa kama mchumba wa simu.

Jioni ya mwisho someni sura ya nane kwa kupokezana. Aya ya 6 inasema upendo una nguvu kama mauti na miali yake ni miali ya Yahu. Wataalamu hubishana kama hilo ni Jina la Mungu au ni namna ya kusema moto mkali kupita kiasi, na ikiwa ni Jina, ndipo mahali pekee linapotajwa katika kitabu kizima. Waambie hivyo tu, waende nalo nyumbani.

Kisha aya ya 14, ya mwisho. Watu watasubiri wapendanao wakae pamoja, na badala yake bibi arusi anamwambia mpendwa wake akimbie kama paa juu ya milima ya manukato. Imeishia hapo. Mtu akiuliza, anamfukuza au anamwita? mpeni Ufunuo 22:20 asome, kisha mwacheni na swali lake. Sisi tulifika hapo saa tatu kasoro, tukazima feni, tukarudisha viti vya jirani.